Sabuni ya Dakika Moja

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu! Bosi kanikabidhi kazi ya maana: kuiandikia kompyuta jinsi mafuta na kostiki soda vinavyogeuka sabuni, na kwa kasi gani, ili programu ibashiri muda wa kupika. Ikibashiri sawasawa, mimi ndiye msimamizi wa maabara. Ikienda kombo, narudi kufunga maboksi. Kasi hiyo inatakiwa ipimwe. Vikombe ishirini vya majaribio, siku nzima! Bahati nzuri mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Miwani, hupima kila kitu, hata chumvi ya mayai yake. Alipokwenda kula, nimenakili namba ya kasi ya sabuni daftarini mwake. Asante Miwani, ingawa hujui.

Jumanne, 4 Machi
Makubwa! Programu inasema sabuni huiva kwa dakika moja. Sisi hupika saa nzima! Bosi kaniita kichwa mbele ya watu. Nimeinama kwa unyenyekevu, jicho la pembeni kwa Miwani. Alhamisi tunapika pipa zima. Mke wangu kaniuliza kama nina uhakika. Nimemwambia mama watoto atulie, kompyuta haidanganyi.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Dakika ilipotimia, bosi kaamuru sabuni imiminwe. Fundi wa pipa alikwishavua glavu. Miwani kapiga ukelele asiguse mtu. Kachovya kijiti: mafuta juu, kostiki kali chini. Namba yake ilihesabiwa kwa dakika, programu huhesabu kwa sekunde. Nimeikimbiza sabuni mara sitini! Fundi angeungua mikono, naye ana mtoto mchanga wa kubeba. Nimemshika Miwani mkono, nikakiri kuwa nilinakili, nikamshukuru kwa sauti wote wasikie. Nilimaanisha kila neno.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi ni Miwani. Bosi alitaka nirudi kwenye maboksi, Miwani kaniombea. Kasema mtu mwenye shukrani anafundishika. Machozi yamenilenga. Kanipa kazi ya sabuni ya maji: kemikali yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo nipime upya, kwa mikono yangu, hata ikichukua wiki. Mtu mwema namna hii nimsubirishe wiki? Namba yake ninayo bado. Nimeigawa kwa sitini, nimeiingiza kabla ya saa sita. Sabuni ni sabuni.