Malalamiko juu ya maji, usingizi na mafuta ya mise

Kasongo, Jumanne

Kwa Mama Emilienne, muuguzi titulaire, mkuu wa kituo chetu cha afya,

Mama, pokea salamu na heshima zangu zote. Mimi ni Nourdine, muuza kreme za kung'arisha ngozi, meza ya tatu ukitokea upande wa msikiti. Unanifahamu, maana kila ukipita unatazama makopo yangu na kutikisa kichwa. Sikuandikii kwa ugomvi. Ila mafundisho yako ya Alhamisi, yale unayowapa akina mama siku ya kupima watoto, yameingia nyumbani kwangu bila hodi, nami ninayo haya ya kulalamika:

1. Maji. Umefundisha kwamba mtu akinywa maji ya kutosha ngozi yake hupendeza. Sasa mtu akipendeza kwa maji ya kisima, mimi nimchanganyie nini?

2. Usingizi. Binti yangu Chadia, ambaye baada ya wiki tatu anaolewa Kabambare, siku hizi analala mara tu baada ya sala ya isha. Zamani alikesha na simu mpaka macho yakavimba, na nilikuwa na kopo maalum la macho yaliyovimba. Kopo hilo sasa linatembelewa na nzi tu.

3. Kofia. Jua ndilo lililokuwa likiniletea wateja kutoka mashambani, nawe umewavisha kofia za majani. Hilo ni kosa kubwa, lakini nalisamehe.

4. Hili silisamehe. Kwa desturi yetu bibi arusi hufungiwa ndani na kupakwa mafuta mpaka siku yake. Nilimwandalia Chadia mchanganyiko wangu bora, kreme tatu ndani ya kopo la mayonezi, nikakoroga kwa mkono wangu. Akaukataa! Akaniambia, "Baba, Mama Titulaire alisema ile inaunguza mutu ngozi. Miye nitapakaa mise tu." Mise, Mama! Mafuta ya kokwa za mawese, tunayowapaka watoto wachanga! Binti wa muuza kreme aingie kwa wakwe akinuka jiko? Watasema mganga hajigangi. Na huo utakuwa uongo, kwa sababu kila mchanganyiko naujaribu kwanza usoni mwangu ili wateja waone. Mwaka wa sita huu, uso wangu ndio kibao cha biashara. Ni kweli vifundo vya vidole vimegoma kung'aa, na masikio pia, lakini nani husalimia watu kwa masikio?

Kwa hiyo naomba maji, usingizi na kofia vitolewe kwa ordonansi, karatasi ya dawa yenye muhuri, kidogo kidogo, kwa wagonjwa tu. Pia umwite Chadia umwamuru apake kreme, maana wewe anakusikia kuliko mimi. Nampenda mwanangu, nataka apokelewe kwa heshima.

Nisalimie wauguzi wote, mama wa usafi, na hata yule mzee wa getini asiyeitikia salamu zangu.

Wako mwenye manung'uniko na adabu,
Nourdine

Nyongeza: Barua hii ilichelewa mfukoni. Jana mkwe wangu, Mzee Kamaldine, baba wa bwana arusi, alifika kutoka Kabambare kwa pikipiki. Tulisoma madrasa pamoja, lakini hatukuonana miaka kumi. Posa ililetwa na wajomba. Alikuwa mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni, na bado nilimtambua. Akamtazama Chadia, akacheka: "Huyu ni mutoto wa Nourdine kabisa, sura ni ya babu yake." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole: "Ndugu, mwenye nyumba iko wapi?"

Chadia aliinamisha kichwa. Nilijibu kwamba ametoka kidogo, atarudi. Niliona haya, Mama, na uso ukaniwaka. Huwa unawaka kila jua likitoka, hilo sikukuandikia.

Asubuhi nimekuta chupa ya mise mlangoni pa chumba changu. Alhamisi niwekee nafasi kwenye benchi, nitakaa na akina mama. Mimi ndiye wa kumwozesha binti yangu. Nisaidie Nourdine arudi kabla ya arusi.