Hereni Nilizovaa Ukweni

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe. Tena wakwe wenyewe bado hawajawa wakwe! Niko hapa intaneti mjini, naandika mbiombio, msishangae makosa ya kuandika.

Mnajua leo mchumba wangu Elinami alikuwa anipeleke kwao Masama nikatambulishwe. (Wao Walutheri, mimi Mkatoliki, kwa hiyo tatizo moja tayari nilikuwa nalo.) Na kazi yangu mnaijua: natengeneza hereni na mikufu, nawauzia watalii wanaoshuka Mlima Kilimanjaro. Nikasema siendi na dhahabu ya Dubai kama kila mtu. Nitavaa za mkono wangu! Nikachagua zile kubwa, waya wa shaba uliozungushwa kama konokono, zinaning'inia kwa shanga mpaka karibu na mabega. Mtindo niliuiga kwenye kadi ya posta yenye picha ya mama mmoja wa Kimasai. (Maana yake sikumuuliza mtu.)

Tukafika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu sana." Sebule imejaa: baba, mama, shangazi wawili. Kiburu cha ndizi na maharage kikaletwa. Shangazi mkubwa akanitazama masikio, akauliza, "Hiyo ndiyo fasheni ya mtaani kwenu Soweto, huko Moshi, siku hizi?"

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza! Nikaweka sahani chini, nikatoa hotuba. Kwamba siku hizi vya nje vimejaa madukani. Kwamba Mtanzania ajulikane kwa alichovaa. Kwamba tusipovaa vyetu tutasahau sisi ni nani.

"Huyu binti ana akili," baba akasema.

Kichwa kikavimba.

Ikasikika hodi mlango wa nyuma. Ni Mama Naserian, mama wa Kimasai anayewaletea magadi kutoka tambarare. Akaingia kusalimia wageni. Aliponiona, uso ukamng'aa! Akanishika mikono yote miwili.

"Hongera mama! Kijana wako ametahiriwa lini?"

Nilisikia ng'ombe akitafuna majani zizini.

"Kijana gani?" mama yake Elinami akauliza, taratibu sana.

"Wa huyu," Mama Naserian akasema, akizigusa hereni zangu kwa heshima. "Kwetu mama havai hizi mpaka mwanawe wa kiume atoke jando."

Nikamgeukia Elinami anitetee. Elinami ananikodolea macho. Yaani na yeye alikuwa anapiga hesabu!

"Nina miaka ishirini na tano!" nikapiga kelele. (Ukweni! Siku ya kwanza!) "Kijana wa jando nimemzaa lini? Nimeiga kwenye kadi ya posta!"

Mama Naserian akaniachia mikono. Hakucheka. Akasogeza shuka lake pembeni ya shingo, akanionyesha za kwake.

"Mimi nimesubiri miaka kumi na saba," akasema. "Vua, mwanangu."

Nikavua mbele ya wote. Moja ikanasa kwenye nywele, hereni haitoki, machozi yanatoka. Mama yake Elinami ndiye aliyekuja kuinasua. Akainama sikioni kwangu.

"Afadhali," akanong'ona. "Nilishaanza kuwaza mjukuu mkubwa hivyo nitamlaza wapi."

Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Shangazi wote wakafuata. Baba akatoka nje, lakini mabega niliyaona yakitikisika.

Sasa ninyi msicheke. Atakayecheka simwaliki harusini. Kama harusi itakuwepo.