Sabuni Isiyopungua

Kinanda aligundua kwamba sabuni imepungua akiwa amelala, jambo ambalo halikumshangaza mtu, kwa kuwa kazi zake nyingi alizifanya katika hali hiyo. Kitanda chake, kilichobanwa kwenye stoo ya duka la dada yake, kilikosa miguu miwili upande wa kichwani, na mahali pa miguu hiyo alikuwa amelaza pakiti mbili za sabuni ya unga. Moja ikapasuka. Akachukua mpya rafuni, akailaza, na asubuhi akajikuta amebingirika mpaka ukutani, pua kwenye gunia la chumvi.

Alizitoa zote mbili, ya zamani na mpya, akazisimamisha kwenye kaunta. Uso ulikuwa ule ule. Mama yule yule akicheka mbele ya kamba ya nguo, rangi ile ile, bei ile ile. Ila ukizigeuza, ile mpya ilikuwa imekonda ubavuni.

"Dada, umeibiwa," alisema.

Dada yake, mwenye duka, alikuwa akifungua mlango wa mbele. "Sijaibiwa. Imeandikwa hapo chini. Zamani kilo, sasa gramu mia nane na hamsini. Nilisoma siku ilipoletwa."

"Na wateja?"

"Anayeuliza namwambia. Asiyeuliza anatazama picha."

Kinanda alirudia maneno hayo ya mwisho polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Anatazama picha. Watu walimpa jina la Kinanda kwa sababu ukimgusa popote anatoa sauti, lakini mara moja moja alinyamaza, na waliomfahamu walijua kwamba hapo ndipo pa kushika mfuko.

Dada yake alimfahamu kuliko wote. "Sikiliza, mdogo wangu. Tangu supamaketi ifunguliwe ng'ambo ya barabara, duka hili limebaki na kitu kimoja ambacho wenzetu hawana. Watu wananiamini. Ukiwachezea hawa, nafunga. Nikifunga, mimi sina pa kula na wewe huna pa kulala."

"Mimi nawachezea? Nataka kuwafundisha kusoma lebo tu."

Na kusema kweli, hakudanganya. Mpango wake ulikuwa safi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliuonea fahari. Angenunua sabuni ya magunia, aifungashe kwenye pakiti nene zenye hewa ya kutosha, aziite Haipungui, aweke gramu mia saba ndani, na mia saba hizo aziandike palepale chini ya pakiti kwa herufi za ukubwa wa siafu. Uongo uko wapi? Kitu kilichozaliwa kidogo hakijapungua. Na uzito umeandikwa. Asiyesoma amlaumu nani?

Pakiti alikwenda kuzichapisha kwa Mama Wino, mwanamke mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya stendi ya mizigo, ambako kadi za harusi zilianikwa kwenye kamba kama soksi. Kinanda alimsalimia kwa adabu, akamsifia mashine, akamsifia kadi, akamsifia hata feni iliyokuwa haizunguki. Hakumkumbuka. Hakuwa na desturi ya kukumbuka watu aliowahi kuwauzia kitu. Lakini Mama Wino alimkumbuka vizuri sana, maana Kinanda ndiye aliyemuuzia dumu la wino eti usiofutika, naye akachapa nao kadi za harusi ya mteja mkubwa, manyunyu yakapita, na bwana harusi akafutika kwenye kadi zote.

Alisikiliza maelezo ya pakiti mpaka mwisho, bila kukunja uso. Jioni alikuwa na nakala ya kwanza tayari.

"Isome kwanza, kaka."

"Nimeiona, mama. Picha safi."

"Nimesema isome. Mbele mpaka chini. Nikishachapa sibadilishi."

"Mimi kwenye lebo za watu ni mwalimu, mama. Ya kwangu naijua kwa moyo."

"Kwa mara ya mwisho nakwambia, soma."

"Chapa," alisema Kinanda, akiangalia saa ya ukutani ambayo nayo ilikuwa imesimama. Mama Wino akachapa.

Pakiti ya kwanza iliyojazwa alimpelekea dada yake, ili apewe ruhusa ya kuuzia barazani. Dada aliigeuza, kama alivyogeuza kila kitu kilichoingia dukani mwake, akasoma chini. Akasoma tena. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na machozi kidogo.

"Hii umeandika wewe?"

Kinanda alitarajia kofi. Alipoona machozi akachanganyikiwa, lakini ulimi wake haukuhitaji msaada. "Nimeandika mwenyewe, dada. Ukweli lazima usemwe, hata kwa herufi ndogo."

"Sikutegemea," dada akasema. "Haki ya Mungu, sikutegemea." Akampa baraza, akampa meza, na mchana akampa kipande kikubwa cha nyama ambacho siku zote alikuwa akikila mwenyewe. Kinanda alitafuna akijiuliza ni lini dada yake alianza kupenda gramu mia saba. Swali hilo alilimeza pamoja na nyama.

Baraza likajaa. Mkono mmoja Kinanda alishika pakiti ya kampuni, mkono wa pili Haipungui, nene, imetuna kama shavu la mtoto.

"Ndugu zangu, mnanyonywa kwa macho yenu wenyewe! Mnanunua picha. Mama huyu anayecheka hapa, mnadhani anacheka na nani? Anawacheka ninyi. Geuzeni pakiti. Someni chini. Mmeona? Mia nane na hamsini. Someni lebo, ndugu zangu. Dukani, nyumbani, popote, someni lebo."

Watu waligeuza pakiti ya kampuni, wakasoma, wakaguna, wakakasirika, kisha wakanunua Haipungui bila kuigeuza. Wakaanza kumwita Mwalimu. Fundi cherehani wa jirani alinunua tatu kwa mpigo. Wateja waliokuwa wamehamia supamaketi walivuka barabara kurudi, na dada yake akawa anaimba akipanga rafu. Kinanda alimsikia akiimba, akajisikia vizuri kwa namna asiyoielewa, kisha akajisikia vibaya kidogo, kisha akauza pakiti nyingine.

Wiki haikuisha akaja nesi mstaafu wa nyumba ya pili, mwanamke aliyezeeka akisoma chupa za dawa na asiyemeza hata peremende kabla ya kuangalia karatasi yake. Baraza lilikuwa limejaa.

"Shikamoo, mama," Kinanda alisema.

"Marahaba, Mwalimu. Nimefanya kama ulivyotufundisha. Nimesoma mbele, nimesoma chini. Hebu wasomee na wenzangu ya chini."

Kinanda hakubabaika. Siku hii alikuwa ameiandalia jibu tangu mwanzo. Aliinua pakiti juu, akatazama watu badala ya pakiti, akatamka kwa sauti ya hakimu. "Gramu mia saba, mama. Imeandikwa wazi. Ndiyo maana kila siku nasema, asiyesoma lebo asimlaumu muuzaji."

Fundi cherehani akatazama pakiti zake tatu.

"Soma, mwanangu," nesi alisema. "Usikariri."

Kinanda akageuza pakiti. Maandishi yalikuwa madogo kweli, kama alivyoagiza, na ilimbidi ayasogeze karibu na pua. "Uzito kamili, gramu elfu moja," alisoma, na kwa kila neno sauti ikazidi kushuka. "Ikipungua... muuzaji... atakupa pakiti mbili bure."

"Na sasa hivi umesema zina mia saba," nesi akasema kwa upole. "Wote tumesikia."

"Mbili," fundi cherehani akasema. "Nilinunua tatu, kwa hiyo nadai sita. Sasa, Mwalimu, hizo sita nazo zina mia saba?"

Kinanda akaishusha pakiti mezani.

"Basi nazo zimepungua. Ni kumi na mbili." Fundi alifumba macho akipiga hesabu, uso umemkunjuka. "Na hizo kumi na mbili nazo... Jamani, mpaka jioni sabuni yote ya mji huu itakuwa kwangu."

Watu wakaanza kucheka, lakini wengine hawakucheka, na wawili watatu walikuwa tayari wametazama ng'ambo ya barabara. Kinanda naye alikuwa akitazama huko, kwa sababu zake. Aligeuka ili apite dukani atokee mlango wa nyuma. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, pakiti mkononi.

"Uliniambia umeandika mwenyewe," alisema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Kinanda angepata la kujibu, maana kwa kelele alikuwa na majibu ya kila aina. Dada aliigeuza tu ile pakiti, maandishi ya chini yakamwelekea Kinanda. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshika masikio. Miguu ilimwambia kimbia, lakini haikuondoka.

Dada akampita, akaweka mizani juu ya meza. "Majirani, duka ni langu na kosa limefanyika kwangu. Mnataka mbili mbili mpaka nifunge, au mnataka kilo yenu?"

Watu walitazamana. Nesi ndiye aliyejibu. "Kilo yetu inatosha. Ila apime yeye."

Basi faida yote ikarudi kununua gunia jingine, na Kinanda akapima. Alipima mpaka nyusi zikawa nyeupe na kila akipiga chafya yanatoka mapovu. Hakuna aliyevuka barabara kwenda supamaketi.

Baada ya siku chache alikwenda kwa Mama Wino kulalamika.

"Nilikwambia usome," Mama Wino alisema bila kuinua kichwa. "Tena si mara moja."

"Lakini mimi na wewe tumekoseana nini, mama?"

"Niliwahi kununua wino kwako."

Kinanda alitazama kadi kwenye kamba, kisha mlango. Alikumbuka. "Basi tumelipana," alisema.

"Tumelipana. Chukua na hii, dada yako ameagiza na ameshailipia." Alimpa aproni nyeupe, kifuani imeandikwa MPIMAJI kwa herufi kubwa za bluu. "Isome kabla ya kuvaa."

"Nimeiona, mama. Nzuri," Kinanda alisema, akaivaa palepale, maana alikuwa na haraka ya kutoka.

Siku nzima alipima sabuni, na siku nzima hakuwaelewa wateja. Kila aliyefika mezani aliinama, akatazama magoti ya Kinanda, akainuka akicheka. Nesi aliinama pia, pamoja na mgongo wake mbaya. Fundi cherehani aliinama mara mbili na kumwita mkewe. Kinanda alijikagua viatu, akajikagua zipu, akajipangusa suruali. Mwishowe alivua aproni akaigeuza huku na huku, na kwenye pindo la chini, kwa herufi za ukubwa wa siafu, akakuta maandishi.

*Yaliyomo: maneno mengi, uzito kidogo. Akizidisha maneno, arudishwe kwa dada yake.*

Aliisoma mpaka nukta ya mwisho, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alipoinua uso alimwona dada yake kaunta, ameegemea rafu, anacheka mpaka anashika mbavu, na tangu siku ile ya barazani alikuwa hajacheka. Kinanda alifungua mdomo kumjibu, akaufunga. Akaivaa tena aproni yake, akamwita mteja aliyefuata.