Kuku Wanaokula na Kukonda

Jumatatu, 3 Machi

Mama amesafiri kwenda kumuuguza bibi. Ameniachia banda la kuku, na ufunguo kanikabidhi mbele ya watu wote wa nyumbani. Nilisimama wima kama askari. Kisha Baba Mdogo akaharibu. Akasema analitaka banda hilo ahifadhie saruji ya dukani kwake, na mimi ananitaka dukani nikapime misumari, maana msichana aliyesoma hivi hawezi kushinda nyumbani akitazamana na kuku. Mama akamwambia aje na mizani Jumamosi. Kuku wakiwa wamenenepa, banda ni langu. Wakiwa wamekonda, saruji.

Misumari! Mimi, niliyesoma falsafa hadi nikaimaliza.

Nimewakagua. Wanakula kama waliokatazwa jana. Lakini vifua vimechongoka, na vilemba vyao vya kichwani vimepauka. Mayai mawili tu, moja lina ganda laini kama karatasi. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafikiri kwa kina. Jibu ni rahisi: chakula hakitoshi. Nimeongeza maradufu.

Jumanne, 4 Machi

Wamemaliza chote. Hawajanenepa. Wanahara, lakini kwa utulivu.

Wifi, mke wa kaka, ana banda lake upande wa pili wa ua. Kuku wake wanatembea kama wake wa mabosi. Alipita na ufagio (hufagia bandani kila asubuhi, mtu asiye na mambo ya kuwaza), akachungulia, akasema, "Wifi yangu, hao kuku wako wanakula kama wageni na kukonda kama wenyeji." Akacheka peke yake. Halafu akauliza mara ya mwisho wamepewa dawa ya minyoo lini. Nikamjibu kwamba tatizo la kuku wangu ni la kina zaidi. Hakuuliza kina gani. Ningemweleza.

Jumatano, 5 Machi

Ugunduzi! Kitabu cha ufugaji kinasema kuku anahitaji protini, na nyungunyungu wamejaa protini. Nikakifunga kitabu hapo hapo. Nilikuwa nimeshaelewa.

Nimechimba rundo la nyuma ya banda, pale uchafu wa kuku unapotupwa, nikajaza kopo. Waligombania hadi manyoya yakaruka. Wifi alisimama na ufagio wake, mdomo wazi. Akaniita mara mbili. Sikugeuka. Watu hawapendi kuona mwenzao akivumbua kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Kuku mmoja amekufa. Yule wa kwenye kona, aliyekuwa akinisikiliza. Nimelia, kisha nikaona aibu, kisha nikalia kwa sababu ya aibu.

Wifi aliuweka ufagio chini. Alimwita daktari wa mifugo. Daktari akampasua marehemu juu ya gunia, akaufungua utumbo. Minyoo! Mirefu, myeupe, imejazana kama nyuzi kwenye kikapu cha fundi cherehani.

Daktari alieleza taratibu. Chakula kinaingia, alisema, lakini ukuta wa utumbo umechubuka, haukinyonyi sawasawa. Kingi kinapita tu. Na kile kidogo kinachonyonywa, mwili unakitumia kupigana na minyoo na kuziba vidonda, kwa hiyo hakibaki cha kujenga nyama wala cha kutengeneza yai. Hata akiba ya vitamini iliyo kwenye ini inakwisha. Kuku anakufa njaa huku anakula. Ukimwongezea chakula bila kumtibu, unaiandalia minyoo karamu.

Kisha akauliza ni nani aliyewapa nyungunyungu wa pale kwenye uchafu, maana wale hubeba watoto wa minyoo tumboni mwao. Wifi akatazama angani. Mimi nikatazama viatu vya daktari. Viatu vizuri, vya ngozi.

Ameacha dawa ya kuchanganya kwenye maji. Ameagiza maranda yote ya sakafuni yatolewe na kuchomwa, yawekwe mapya makavu. Kuku wangu wasikaribiane na wa wifi. Nyama itaanza kurudi baada ya wiki kadhaa.

Wiki kadhaa! Jumamosi ni keshokutwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana nimewapa dawa. Maranda sijayatoa. Wenye minyoo ni kuku, maranda yana kosa gani?

Badala yake nimefikiri. Kuku wa wifi ni weupe. Wangu ni weupe. Mizani haijui nani ni wa nani. Na wifi huenda sokoni kila Jumamosi asubuhi.

Siandiki zaidi. Ajabu jinsi moyo unavyotulia mtu akishapata mpango.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango ulianza vizuri. Wifi alipotoka tu na kikapu, nikahamisha kuku wake kuja kwangu na wangu kwenda kwake, wawili wawili, kwapani. Mmoja alinidonoa sikio. Nilivumilia.

Baba Mdogo akafika na mizani ya kuning'iniza, ile ya misumari. Akampima wa kwanza, akakohoa. Akampima wa pili, akainua nyusi. Wa tatu akamshika kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, kumbe ile karo haikupotea." Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu huo nilikuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Hapo wifi akarudi. Alikuwa amesahau pochi. Alisimama mlangoni, na kuku wote wakamkimbilia! Wakamzunguka miguuni, mmoja akampanda juu ya kiatu. Mimi, mwenye banda, hata jicho hawakunipa. Baba Mdogo akauliza mbona kuku wangu wananipa mgongo. Wifi alikuwa ameshafika bandani kwake.

Dawa ilikuwa imefanya kazi. Ile sakafu yake aliyoifagia alfajiri ilikuwa imejaa kinyesi chenye minyoo, mingine bado inajikunja.

Alipiga ukelele mmoja mrefu. Kisha akaniuliza polepole, na upole huo ndio ulionitisha, "Wifi, hivi wewe walikufundisha nini huko?"

Nilianza kueleza. Baba Mdogo, ambaye alikuwa amekimbilia kuona, na alikuwa amekanyaga, akaniomba ninyamaze. Akampigia Mama simu huku akifuta kiatu kwenye majani. Mama hakupaza sauti. Akaamua banda lishikwe na wifi, pamoja na kuku wote, nao watibiwe wote, pande zote mbili. Baba Mdogo akasema sawa, saruji yake hata hivyo haiwezi kulala mahali kama pale. Lakini mimi Jumatatu ni dukani.

Wifi akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nikautoa. Ulikuwa bado na joto langu.

Jumapili, 30 Machi

Kuku wanapendeza, siwezi kukataa. Wifi alichoma maranda yote, moshi ukashinda uani siku nzima. Sasa vilemba ni vyekundu na mayai yanatoka. Huwa nawatazama kupitia dirisha la jikoni. Mmoja jana alinitazama pia, nadhani.

Dukani kuna utulivu. Misumari haifi. Tatizo ni panya, wanatoboa mifuko ya saruji. Baba Mdogo kasema mwenyewe kwamba nikiwamaliza panya, atazungumza na Mama nirudishiwe banda. Banda langu!

Kwa hiyo kila kitu kiko juu ya paka wa duka. Na paka hawindi. Ana mbavu za kuhesabika na tumbo la mviringo, manyoya yamefifia. Anamaliza sahani, anadai nyingine, kisha analala juu ya mfuko huku panya wanapita mbele yake. Nilikaa naye mchana kutwa, nikafikiri kwa kina. Ni wazi kabisa: chakula hakitoshi. Kuanzia kesho sahani mbili, asubuhi na jioni.

Daktari wa mifugo alikuja kununua waya. Akamtazama paka, akanitazama mimi, akaanza kufungua mkoba wake. Nikamwambia aufunge tu, asijisumbue. Yule ni paka.