Pointi Laki Mbili za Kwenda kwa Corinne

Jumatatu, Machi 4
Binti yetu Corinne kapiga simu kutoka Seattle. Daktari kamwambia mtoto anaweza kuja wakati wowote kuanzia Jumamosi. Mjukuu wa kwanza! Mke wangu Maureen alilia kwa furaha. Mimi nikafungua kompyuta.

Nina pointi 212,000 za kadi ya benki, za kubadilisha kwa tiketi za ndege. Miaka sita nimezilea. Petroli, vyakula, bima, daktari wa meno, vyote kwa kadi. Hata jeneza la mama mkwe nililipia kwa kadi, nikamwahi shemeji kabla hajatoa yake.

Maureen kaona ndege ya Ijumaa asubuhi, pointi elfu kumi na tano kila mtu, twende tukamwone mtoto. Nikamwambia huko ni kuzitupa. Sikulea pointi miaka sita nije kuketi nyuma, goti mdomoni, karibu na choo. Jirani yetu Vernon Tuttle alikwenda Lisbon kwa pointi, akalala ndani ya ndege kama maiti ya mfalme. Mpaka leo anatoa takataka akiwa amevaa ndara alizopewa humo.

Jumatano, Machi 6
Nimepata! Ndege ile ile ya Ijumaa, viti viwili, daraja la kwanza. Ila lazima pointi zitoke benki ziende shirika la ndege, na zikishakwenda hazirudi. Nikahamisha laki moja. Kompyuta ikasema nisubiri.

Nikatoka nje kupunga upepo. Vernon alikuwa anakwangua theluji ya mwisho. Nikamweleza kila kitu: siku, saa, hata namba za viti. Alisikiliza kwa adabu sana. Sijawahi kumwona na adabu kiasi kile.

Alhamisi, Machi 7
Pointi zimefika. Viti havipo.

Nimekaa na simu sikioni saa mbili nzima nikisikiliza kinanda. Mwishoni mwanamke mmoja mpole akaniambia viti vilichukuliwa jana alasiri, na pointi zangu haziwezi kurudi benki. Nikauliza kama kuna njia yoyote. Akanitakia siku njema.

Maureen hakugomba. Afadhali angegomba. Alichukua kadi yake ya kawaida, isiyo na pointi hata moja, akanunua kiti cha nyuma.

"Mimi nakwenda kwa mwanangu," akasema. "Wewe baki ulee pointi zako, baba Corinne."

Ijumaa, Machi 8
Nimempeleka uwanja wa ndege. Kwenye foleni ya daraja la kwanza: Vernon na mkewe. Wanakwenda Seattle. Nikamuuliza wana nani huko. Akasema hawana mtu, wanakwenda kula samaki. Akanishukuru kwa taarifa, akanipiga bega.

Alikuwa amevaa zile ndara.

Nimerudi nyumbani. Nimekula viazi baridi nimesimama.

Jumapili, Machi 10
Jana nilipata kiti kimoja, daraja la kwanza! Kutoka kwetu Des Moines hadi Charlotte, Charlotte hadi Phoenix, Phoenix hadi Seattle. Safari ya saa kumi na saba. Ndiyo, Charlotte iko mashariki na Seattle iko magharibi. Mtu anayejua thamani ya pointi haangalii ramani.

Ndege ya kwanza ilikuwa kijidege. Daraja la kwanza lilikuwa viti vitatu na pakiti ya biskuti. Nikala taratibu, ili watu wa nyuma waone.

Charlotte: radi. Ndege ya Phoenix imefutwa. Ukumbi wa wasafiri wa heshima umejaa, nikaambiwa nisubiri mlangoni. Hapo mlangoni simu ikalia. Maureen. Mtoto kazaliwa saa nane na dakika kumi, msichana, anaitwa Willa, wote wazima. 

Kisha akatuma picha. Mwanamume amembeba mjukuu wangu, anacheka. Vernon. Kumbe Maureen aliwaomba lifti ya kwenda hospitali, wakafika na maua.

Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mlinzi kaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia nahitaji kwenda Phoenix.

Jumanne, Machi 12
Nimefika. Kiti cha nyuma, karibu na choo, na nimekilipia pesa taslimu.

Corinne alinitazama kutoka kwenye kochi.

"Baba, ulikuwa na pointi laki mbili na bado ukashindwa kufika?"

 Akanipa mtoto. Mwepesi kama mfuko mdogo wa unga, kichwa kina joto. Akanishika kidole hakukiachia. Machozi yakanitoka, na siandiki hivi kujipamba. Nilijiapiza hapo hapo kwamba kuanzia leo mambo yatabadilika.

Mchana wote wamelala. Nimesoma karatasi za benki, kwa kupitisha muda tu. Kila jamaa anayeongezwa kwenye kadi yangu ananiletea pointi elfu kumi. Nimesoma mara tatu: hawakuandika umri wa chini.

Nimejaza jina la Willa, tarehe yake ya kuzaliwa, na anwani. Wanauliza kazi yake.

Nimeandika: kajiajiri.