Rimu Nne na Gereji Moja

Jumatatu, 8 Julai
Jumamosi ni maonyesho ya magari ya mji. Safari hii lazima! Arlene, mke wangu, ametoa tamko wakati wa kifungua kinywa: nisiporudi na kombe, gereji inakuwa chumba chake cha kushonea mablanketi ya viraka. Miaka kumi na moja ya kushindwa inatosha, akasema. Cherehani ameshaichagulia pembe. Ukatili mtupu! Lakini nina siri. Bi Maxine, jaji mkuu, muuguzi mstaafu, huvaa glavu nyeupe na kuchokonoa nyuma ya rimu. Wenzangu wote hung'arisha boneti. Mimi nitashughulikia magurudumu tu.

Jumanne, 9 Julai
Nimepiga jeki, nimefungua magurudumu yote. Vumbi la breki limegandamana kama masizi ya sufuria. Mswaki wa kwanza ulikufa saa nne asubuhi. Wa pili ulikuwa wa Arlene. Hajajua. Duane, jirani yangu, bingwa wa miaka mitatu mfululizo, alipita na mbwa wake, akaniuliza gari limefiwa au vipi, mbona limevuliwa viatu. Yeye rimu zake huzipiga maji ya mpira na sabuni, dakika tano, kisha huyoo anakwenda kuvua samaki. Dakika tano! Nilicheka sana. Kisha nikakumbuka nani ana makombe matatu, kicheko kikakatika.

Alhamisi, 11 Julai
Saa thelathini na moja za kazi mpaka sasa. Mgongo umekufa ganzi, roho inaruka! Rimu zinang'aa hadi naona vinyweleo vya pua. Arlene aliuliza kama nimeosha gari lenyewe. Nikamwambia asiingilie mambo ya kitaalamu. Akauliza pia mswaki wake uko wapi. Nikasifia chai.

Ijumaa, 12 Julai
Wazo la kishujaa! Mafuta ya kung'arishia tairi. Chupa inasema paka kidogo ubavuni, acha yakauke. Iliandikwa kwa watu wa dakika tano. Nimepaka tabaka tatu, chupa mbili nzima, ubavuni na hata upande unaokanyaga barabara, maana Bi Maxine hulala chini kabisa kuchungulia. Tairi nyeusi tii! Gereji yangu hiyo, haitoki mkononi.

Jumamosi, 13 Julai
Kabla ya ukaguzi magari yote hupita barabara kuu kwa msafara, watu wakishangilia. Nilisahau kwamba tairi huzunguka. Mafuta yakaanza kuruka! Gari langu jeupe likapata madoa ubavu mzima. Duane, nyuma yangu, paa wazi, akapaza sauti: “We Wendell! Unanipaka mimi sasa!” Mbele ya kituo cha zimamoto nikakanyaga breki. Gari halikusikia. Likateleza polepole, kwa adabu zote, mpaka kwenye meza ya pai za cheri za akina mama. Hakuna aliyeumia ila pai ishirini na mbili, kumi kati yake za Arlene.

Bi Maxine hakucheka. Alipiga magoti, akapitisha kidole cha glavu nyuma ya rimu. Kikatoka cheupe pe! Akasema: “Miaka thelathini sijaona rimu safi hivi, baba. Pole kwa hayo mengine.” Kumi juu ya kumi! Hayo mengine nilipata mbili. Kombe likaenda kwa Duane.

Jumapili, 14 Julai
Cherehani imeshaingia gerejini. Arlene aliimba tu. Inauma, sitajidanganya. Gari liko nje chini ya mti, na ndege wameshalikaribisha. Duane alikuja kunipa pole, muungwana kweli, akasema: “Kaka, kubali tu. Saa zote zile zimekwenda na maji.”

Nimetafakari ibada nzima. Kosa si kusafisha. Kosa ni kuliendesha! Mwakani gari litafika juu ya tela, tairi zisiguse barabara hata kidogo. Shemeji yangu ameshaniazima lake mchana huu, mwaka mzima mapema. Lina magurudumu manne, machafu hujapata kuona! Nimeanza na la mbele kushoto.