Faini ya Taa, Faini ya Umbea

Jumatatu, 2 Juni

Mshahara wa Baba Watoto umeingia. Furaha ya dakika tano, kisha kodi, gesi, ada, nauli zake za kazini. Kilichobaki ni hela ya chakula. Nimeifunga kwenye kitambaa na kuificha ndani ya sufuria kubwa, mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria. Mimi nafikiria. Hapo ndipo penye shida.

Mwalimu wa Wa Kati, binti yetu wa pili, kaniita shuleni. Nikaenda roho mkononi. Nilidhani kapigana. Kumbe haoni! Mwalimu anasema yuko dawati la mbele, na bado anamuuliza mwenzake kama mwalimu ameshaingia.

Daktari wa macho kampima. Miwani. Nilimwomba arudie bei, maana nilihisi na masikio yangu yanataka kupimwa. Ana huruma lakini. Kasema tukileta nusu atatengeneza, nusu nyingine tulipe kidogo kidogo. Mitihani inaanza Jumatatu ya tarehe 16. Asipoona, atarudia darasa. Mimi niliishia darasa la nne. Naijua ladha ya kuishia.

Baba Watoto hawezi kuomba tena mshahara wa mapema kiwandani. Ule wa mwisho ndio ulionunua bata wawili wa mayai. Lilikuwa wazo langu. Wote madume. Wako uani, wanakula kama wapangaji wasiolipa kodi.

Nimeapa: sitaki tena mipango ya ajabuajabu.

Jumanne, 3 Juni

Nina mpango!

Umenijia nikiosha vyombo. Faini! Taa ikiachwa inawaka chumbani pasipo mtu, faini. Bomba likidondosha, faini. Mkate ukiumwa na kutelekezwa, faini. Kila faini inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la zambarau. Tunaacha kupoteza, na papo hapo tunavuna. Sijui kwa nini serikali haijaniita.

(Kabati ni la zambarau kwa sababu Baba Watoto anachanganya rangi kiwandani, na rangi iliyokosewa hupewa wafanyakazi bure. Nyumba yetu yote ni makosa ya kiwanda. Mlango una njano ya homa. Sebule ni kijani, ila kijani cha chura aliyepata habari mbaya.)

Jioni nikawasomea watoto sheria. Mkubwa, tunayemwita Wakili kwa sababu alizaliwa akibisha, akauliza sheria inamhusu nani. Nikajikohoza, nikasema inamhusu kila akanyagaye sakafu hii. Akauliza kama na mama. Nikasema hata mama, sheria ni msumeno. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumatano, 4 Juni

Nimetozwa mara nne kabla ya saa sita mchana!

Taa ya jikoni. Bomba. Chai yangu mwenyewe, niliyoisahau ikapoa, kisa Kitindamimba kamwaga uji. Mara ya nne ni kupiga kelele. Nikasema kelele haimo kwenye sheria. Wakili akajibu kwa upole kwamba imeingizwa leo asubuhi, nilipopiga kelele. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Watoto wenyewe hawatozwi. Hawana hela. Hilo nililisahau nilipokuwa natunga sheria.

Ila kopo lina uzito! Nimelitikisa, mlio mtamu. Natoa kwenye sufuria, natia kwenye kopo, haba na haba. Nimemwambia Baba Watoto kwamba akiba imeanza. Akauliza imetoka wapi. Nikasema kwenye faini. Akauliza faini kalipa nani. Nikasema mimi. Akauliza mimi nimezitoa wapi. Basi tena! Mtu hawezi kufurahi na huyu mwanamume.

Ijumaa, 6 Juni

Hela ya mboga imekwisha. Siku ya tano tu! Nimepekua sufuria mpaka chini. Nimeshuku mwizi. Nimewashuku hata bata.

Kisha nikalitazama kopo. Kopo likanitazama.

Nimekopa kwenye kopo ili kununua mboga. Wakili kasema sawa, ila nirudishe na faida. Nani kamfundisha huyu mtoto? Mama Mapazia, jirani yetu, alikuwa dirishani anasikia yote. Mama Mapazia hubadilisha mapazia kila Jumapili na kuyatikisa nje ili tuyaone. Akaniita, shoga, mbona unakopa kwa mtoto, benki zimefungwa? Nikacheka kana kwamba ni utani wetu wa siku zote. Nikaingia ndani kwa madaha. Nikajikwaa.

Jumamosi, 7 Juni

Mpango mdogo wa pembeni. Kinyozi ni ghali, mkasi ninao. Nikamnyoa Kitindamimba mwenyewe. Upande wa kulia ukazidi. Nikapunguza wa kushoto. Ukazidi. Nikarudi kulia. Mwishowe mtoto anafanana na shamba lililoingiliwa na mbuzi.

Nikampeleka kwa kinyozi. Kinyozi akamzunguka mara mbili, kisha akawaita wenzake waje kuona. Kunyoa ni bei moja, kasema, kuokoa ni bei nyingine.

Nimelipa ya kuokoa. Kutoka kwenye kopo.

Jumapili, 8 Juni

Leo sikucheka.

Koti la kazi la Baba Watoto lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mlangoni. Wa Kati katoka chumbani, kasimama mbele yake, kasema, "Shikamoo, baba." Koti halikuitika. Akangoja. Akarudia kwa sauti ya chini zaidi, "Shikamoo, baba." Kisha akaenda kukaa kwenye mkeka, kanuna, anadhani baba yake kamkasirikia.

Baba Watoto alikuwa uani anawapa bata maji. Nilipomsimulia, akaliondoa koti kwenye msumari. Mpaka jioni alikuwa anazunguka nalo mkononi, hajui aliweke wapi.

Kopo ni jepesi. Zimebaki siku nane mitihani ianze. Nifanye nini mimi?

Jumatatu, 9 Juni

Mungu si Athumani!

Mama Mapazia kaja kuazima ungo. Mama Mapazia haji kuazima ungo, anakuja kuleta habari, ungo ni nauli tu. Akajiachia kwenye kiti, akashusha sauti, akaanza kwamba kinyozi na mke wake siku hizi wanalala vyumba tofauti. Wakili akainua kichwa kwenye daftari lake la hesabu. Akasema faini. Mama Mapazia akauliza faini ya nini. Wakili akasema ya umbea.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikafungua mdomo nimkemee. Kisha nikaliona kopo. Nikafunga mdomo.

Mama Mapazia akasema kwa hiyo nyumba hii mtu akiongea analipishwa, mnauza hewa siku hizi? Wakili akamjibu kwa heshima zote, shangazi, kila akanyagaye sakafu hii. Mama Mapazia akanigeukia, shoga, unamsikia mwanao? Nikasema kwa masikitiko kwamba sheria ni msumeno. Akainuka kwa hasira. Akafika mlangoni. Akasimama. Habari ya kinyozi ilikuwa katikati, na habari ya katikati ni kama mfupa kooni. Akarudi, akatupa sarafu kwenye kopo, akamaliza habari.

Sarafu ngeni! Haikutoka kwenye sufuria yangu! Nimeibusu.

Jumanne, 10 Juni

Mama Mapazia kaja mara tatu. Ungo, chumvi, na saa ngapi. Ukutani kwake saa anayo, kubwa kama sinia. Kalipa mara zote. Habari ya mwenye nyumba wetu na meno yake mapya Wakili kaitoza mara mbili, kwa sababu ilikuwa na sehemu mbili. Nimemkaribisha chai ili asikauke koo.

Jumatano, 11 Juni

Msiba! Nilizidisha tamaa. Nilimwambia Wakili apandishe bei. Mama Mapazia kasema yeye si ng'ombe wa kukamuliwa, na hatatia tena mguu nyumba ya wanyang'anyi, yenye rangi za kutia watu kichefuchefu. Kaondoka na ungo wangu.

Niliikosea hesabu. Muuza umbea usimpandishie kodi, atahama soko.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nzima kimya. Nimefagia uani mara nne ili anione. Akafunga pazia. La maua makubwa, jipya.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa. Mama Mapazia, ungo kwapani, sarafu zimejaa kiganjani. Akasema, "Nimevumilia tangu jana, shoga, naumwa tumbo. Shika hizi zote, kaa chini, usinikatize."

Nikakaa. Sikukatiza. Habari yenyewe siiandiki humu. Sina hela ya faini.

Ijumaa, 13 Juni

Tumelimwaga kopo mezani. Baba Watoto kahesabu, Wakili kahakiki. Karibu nusu. Karibu! Zimepungua kidogo tu, na kidogo hicho ndicho hatuna. Baba Watoto akazunguka nyumba nzima akiwasha taa, moja baada ya nyingine, kisha akajitoza faini: akatia nauli yake ya kesho kwenye kopo. Atatembea. Bado hazikutosha.

Mama Mapazia kaingia bila hodi. Katukuta tumeinamia sarafu kama kuku. Akauliza ni za nini. Sikuwa na nguvu ya kutunga, nikamwambia. Miwani. Mitihani. Koti.

Akanyamaza. Mama Mapazia! Akanyamaza mpaka nikaogopa. Kisha akanisema weee, mwenzangu, siku zote hizi nalipishwa kama mhalifu, kumbe ni kwa ajili ya macho ya mtoto, kinywa unacho cha nini? Akafungua mkoba, akajaza pengo, na zaidi. Nikaanza kulia. Akasema nisimlilie, si msaada huo, analipa mapema. Jumapili kuna harusi, na anajua atatoka huko na mengi.

Jumamosi, 14 Juni

Wa Kati ana miwani!

Mikubwa kuliko uso wake, inateleza puani, lakini anaona. Kaingia nyumbani, kalipita koti, lililorudi msumarini, bila salamu, kaenda moja kwa moja kwa baba yake aliyekuwa kakaa pembeni. "Shikamoo, baba." Baba Watoto kaitika marahaba, kisha akaenda uani kuwaangalia bata. Kawaangalia muda mrefu sana.

Wa Kati akazungusha macho. Kabati. Mlango. Sebule. Akauliza kwa woga nani kaifanyia nyumba yetu hivi. Nikamwambia imekuwa hivi tangu hajazaliwa. Akavua miwani kidogo, apumzike.

Jumatatu, 16 Juni

Mtihani wa kwanza. Kasema ubao ulikuwa mweusi, alidhani miaka yote ni wa kijivu. Kajibu maswali yote. Moyo wangu mweupe.

Sasa, kwenye kopo zilibaki chenji. Akili ilikuwa inaniambia niziache kwa ajili ya ile nusu ya pili. Nilikuwa naisikiliza kabisa. Bahati nzuri akapita muuza bata.

Nikamwambia safari hii hanipati ng'o, nataka jike. Akaapa kwa afya ya mama yake. Sikumwamini! Mimi si yule wa mwezi uliopita. Nikamkagua bata mwenyewe, usoni, kwa makini. Ana haya. Ana macho ya mzazi. Jike, tena mtagaji. Mayai tutauza kwa Mama Mapazia, nusu ya pili italipwa kabla ya mwezi kuisha, na yatakayozidi tutayaangulisha. Nimeshamwambia Baba Watoto afikirie rangi ya banda.

Wa Kati katoka uani, kasukuma miwani juu ya pua. Kauliza mbona huyu mgeni ana manyoya yaliyojikunja mkiani, kama wale wawili.

Nimemwambia miwani bado mipya. Ataizoea.